Marehemu Aliyechipua Kawempe

Naikumbuka siku moja, mwanangu, mahakama ilipokuja yenyewe hadi kwenye kiwanja chetu Kawempe. Ilikuwa imevaa suti ya kijivu na miwani iliyofungwa uzi sikioni, na nyuma yake alifuata afande mwenye bastola kiunoni. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nimeketi na wanawake upande wa msikiti. Nilicheka siku ile mpaka nikaogopa, kisha nikaogopa mpaka nikapata akili. Ndiyo maana nimekuita ukae hapa. Simu iweke chini, haina miguu ya kukimbia.

Shule mimi niliiacha darasa la tatu, walimu walipoanza kuleta herufi nyingi kuliko nilizozihitaji. Lakini macho ninayo, na ulimi huu Mungu hakunipa uwe pambo la mdomo. Niliyoyaona nitayasema kama yalivyokuwa.

Kwanza ujue mimi ni mtoto wa nani. Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa mwenyekiti wa msikiti. Babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa wafanyabiashara, akiwa mpishi. Wengine utawasikia wakisema babu zao walikuwa masultani. Wetu alibeba sufuria, na pilau yake ndiyo iliyompatia mke na mahali pa kujenga. Sisi si watu wa kuokotwa, mwanangu. Hilo likae kichwani mwako hata ukisahau mengine yote.

Msikiti wetu ulikuwa wa mabati. Ng'ambo yake lilikuwepo kanisa dogo la matofali ya udongo, na mkubwa wa kanisa lile alikuwa katekista mmoja aliyeitwa Yozefu, mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo. Katikati palikuwa na kiwanja kitupu, cha nyasi na mbuzi. Baba na Yozefu walikuwa marafiki wa mweso, ule mchezo wa kete kwenye ubao wa vishimo. Kila alasiri walikaa katikati ya kiwanja wakatukanana kwa mapenzi.

"Ramadhani, kete zangu unazila kama daku!"

"Na wewe Yozefu unaziungamisha kabla ya kuzicheza, ndiyo maana zinakufa mapema!"

Basi urafiki ule uliharibiwa na tumbo, na tumbo lenyewe si lao. Mzee mmoja mwenye ardhi ya pale alikuwa mtu wa kula. Siku ya Idi alikuja kwetu, akashiba pilau, akajifuta mdomo, akasema, "Kiwanja kile nimewapa. Jengeni madrasa." Krismasi akaenda kwa Yozefu, akamaliza kuku na matoke, zile ndizi za kupika, akasema, "Kiwanja kile nimewapa. Jengeni shule ya Jumapili." Shibe mwana malevya! Kisha akafa, hana mtoto, hana karatasi, hana aibu. Kila upande ukamlilia kwa nguvu, maana kila upande ulidhani umerithi.

Ungetegemea wazee wakae wayamalize kwa chai. La. Wakati ule wa utawala wa jeshi kila mtu alikuwa anatafuta mgongo wa kuegemea. Wazee wetu wakasema, mkubwa wa nchi anaswali kama sisi, nani atatunyima? Wazee wa kanisa wakasema, hakimu anakwenda kanisani kama sisi, nani atatunyima? Wakapelekana mahakamani wakitembea kifua mbele, kila mmoja keshashinda moyoni. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Hakimu alikuwa Mganda mzee, mpole, wa sauti ndogo. Akawasikiliza wakijisifu wee, mwisho akauliza jambo moja tu: "Ni nani kati yenu mwenye kaburi pale?"

Ujue, katika nchi hii ya Buganda, penye kaburi la mzee wako hapachezewi. Nyumba huvunjwa, mti hukatwa, lakini kaburi la mtu linasema kuliko wakili. Swali lile lilikuwa la haki. Na jibu la haki lilikuwa kwamba hakuna kaburi, kuna mavi ya mbuzi.

Baba akasema, "Sisi tunalo, mheshimiwa."

Yozefu akaruka, "Hata sisi tunalo!"

Hakimu akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Vizuri. Nitakuja kuyaona."

Hapo sasa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wazee wale walichimba kwa zamu kabisa. Ijumaa iliyofuata, wanaume wetu wote wakiwa msikitini wanasikiliza hotuba, watu wa kanisa waliingia kiwanjani na majembe. Baba alipotoka kwenye swala akaona tuta lenye msalaba wa mti mkuukuu, limefunikwa nyasi kavu, mahali ambapo asubuhi alikuwa amefunga mbuzi wake. Angesema nini, naye amekwisha kudanganya? Akangoja Jumapili. Kanisa lilipoanza kuimba, na lile kanisa kwa kuimba usiliguse, wazee wetu wakashika majembe.

Waganda wana desturi, mwanangu, na si desturi ya mchezo. Mtu akipotea, akafia mbali, mwili usipatikane, jamaa zake huzika mgomba badala yake, wakalia, wakamaliza msiba. Miaka ile migomba mingi ilizikwa. Sisi Waislamu hatuna jambo hilo, lakini uongo ukiingia mlango mmoja, dini hutokea mlango wa pili. Wazee wetu wakaona kaburi tupu litadidimia, wakaamua kutia mgomba ndani.

Mjomba wangu Sudi alinisimulia baadaye walivyobishana. Mmoja akauliza, "Je, unaoshwa?" Mwingine, "Unaoshwaje, wewe? Kwani ulikuwa mwanamume au mwanamke?" Wa tatu akasema haidhuru, ila ulazwe umeelekea Kibla, maana uso wa mgomba huujui uko wapi, bora kutahadhari. Wakauvisha sanda. Nguo nyeupe wakati ule ilikuwa adimu kama sukari. Walikoitoa, wakati ule sikujua. Mimi nilikuwa na msiba wangu. Shuka langu la harusi, jeupe, nililolitarizi maua mekundu kwa mkono wangu kwa kuwa nilikuwa nimeposwa na polisi mmoja wa kambi ya Naguru, lilikuwa limeibwa kambani Jumapili ile ile. Nililia. Nikamlaani mwizi kwa majina yote, na baba akawa ananiitikia, "Amina, amina," huku anatazama pembeni.

Jioni baba na Yozefu wakakutana kiwanjani.

"Huyu wako alikufa lini?" Yozefu akauliza.

"Zamani sana. Na wako?"

"Zamani kuliko huyo."

Wakaachana. Ubao wa mweso ukabaki ndani, umefunikwa gunia.

Sasa mahakama ingekuja juma lile lile, mambo yangekwisha kwa uongo kusimama wima. Lakini petroli ilikosekana mjini, gari la hakimu likakaa, mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena. Na mjomba Sudi, mvivu asiye na mfano, hakuukata mgomba ule juu kama watu wenye akili. Panga lake lilikuwa butu, akaona taabu, akaung'oa na tunguu lake lote, lile shina la chini lenye mizizi. Wewe umelelewa mjini huli ila ndizi iliyomenywa, nikueleze: mgomba ukiuzika na tunguu, hujauzika. Umeupanda.

Ndiyo siku ile sasa. Gari la jeshi likamleta hakimu na karani wake, na yule afande, mtu wa kaskazini, mweusi mzuri, mkubwa kama mlango, aliyetumwa kuangalia kama mahakama inafanya kazi ya serikali. Wazee wetu wamevaa kanzu zilizopigwa pasi. Wazee wa kanisa wamevaa makoti. Hakimu akamwuliza baba, "Marehemu wenu ni nani?"

"Sheikh Mabruki," baba akasema bila kupepesa. "Alikuja kabla ya reli."

"Na wenu?"

"Mzee Yokana," Yozefu akasema. "Aliiona reli haijazaliwa hata mama yake."

Hakimu akainama juu ya kaburi la Sheikh Mabruki. Kisha akagusa kitu kwa kidole, kijani, kimejikunja kama barua, kinachungulia kati ya mawe.

"Sebo, bwana wangu," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Sheikh alikuwa wa matoke au wa ndizi za kuchoma?"

Watu wa kanisa wakavunjika mbavu. Baba akasema, "Hiyo imejiotea, mheshimiwa. Kudra za Mungu." Hakimu akajibu, "Mimi nimezaliwa shambani, mzee wangu. Kudra za Mungu nazijua, na chipukizi la mgomba nalijua."

Afande akasogea. Alisema Kiswahili cha kambini. "Mimi nataka jua kitu moja. Nani nalala hapa? Chimba."

Kicheko kikakatika. Wakati ule, askari akisema chimba, hukujua shimo ni la nani. Vijana wakachimba, udongo ukatoka, na halafu nikaona weupe. Na juu ya weupe, maua mekundu.

Mwanangu, sikujizuia. Nilisimama mbele ya mahakama, mbele ya jeshi, mbele ya wakwe zangu watarajiwa, nikapiga ukelele: "Shuka langu!"

Baba akafumba macho. Mama akanivuta gauni, "Kaa chini, mwana wewe!" Nami sikai. "Shuka langu la harusi, mama! Wamemvisha mgomba!" Yozefu alicheka mpaka akakosa pumzi, akaegemea msalaba wake asianguke, na msalaba, kwa kuwa ulichomekwa juu juu, ukaanguka naye. Baba akafungua macho. "Chimbeni na la kwao!" akanguruma. "Chimbeni na la Yokana!"

Wakachimba. Akatoka Mzee Yokana, amefungwa vizuri kwenye lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda huzikia watu wao. Ndani yake mgomba, umeoza, unanuka kama pombe. Sasa wa kwetu wakacheka, zamu yao, mpaka wengine wakakaa chini.

Afande naye akacheka. Kicheko kifupi. Wakati ule kicheko cha mtu kama yule kilitisha kuliko matusi yake. Alipomaliza akaifuta midomo, akawaonyesha baba na Yozefu kwa fimbo. "Nyinyi wazee mbili nadanganya korti ya serikali. Ingia gari. Luzira iko nafasi."

Luzira kulikuwa na gereza, kila mtu alilijua. Lakini kilichotutoa jasho hakikuwa Luzira. Kilikuwa lile gari. Wengi walipanda magari ya namna ile wakielekea gerezani, na gerezani kwenyewe hawakufika. Baba akaangalia kanzu yake. Yozefu akaangalia udongo ulioshika goti lake alipoanguka. Nikamwona Yozefu ananyoosha mkono, akamshika baba kiwiko, wakaanza kutembea. Mama akaliachia gauni langu. Hakimu akasema, "Afande, hukumu bado yangu," lakini sauti yake ile haikufika mbali.

Aliyesimama alikuwa Nalongo. Ndivyo Waganda wanavyomwita mama wa mapacha. Kikongwe aliyekaa nyuma ya kiwanja, mkulima wa karanga, kanisani alionekana Pasaka na kwetu alionekana siku ya pilau. Alikwenda mpaka kwenye lile shimo la Yokana, akaokota lubugo, akakung'uta udongo, akalikunja taratibu kama nguo ya mtoto.

"Nyinyi wazee," akawaambia baba na Yozefu, na wakasimama. "Lubugo ni ya mutu. Sanda ni ya mutu. Nyinyi nafanya nguo ya kuiba majani ya mbuzi." Akamgeukia baba. "Ramadhani, watu nalia bila mwili, wewe nacheza na kaburi?" Akamgeukia Yozefu. "Na wewe Yozefu, Ijumaa hiyo, wewe nazika nani? Nani nalia?"



Akamgeukia afande. Alimfikia kifuani. "Baba, mimi pia iko na mugomba nyuma ya nyumba. Kato yangu, ule pacha mudogo, nakwenda nunua mafuta ya taa. Mpaka leo." Wote tulijua mafuta ya taa hayamli mtu. "Mimi nazika mugomba. Kama kuzika mugomba ni makosa, mimi ni wa kwanza. Wapi mulango ya gari?"

Akaanza kutembea kuelekea gari, na lubugo kwapani.

Afande alimtazama. Kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Sijui alikuwa na mama wapi huko kaskazini, sijui mama yake naye alikuwa amezika nini. Mwisho akasema, polepole, "Rudi, mama. Rudi keti." Akamwambia hakimu bila kumwangalia, "Maliza kazi yako." Akaenda akaegemea gari, ametupa mgongo.

Hakimu alijua mlango huo hautakaa wazi. Alisoma hukumu palepale, amesimama kati ya mashimo mawili, karani anaandika juu ya paja. Alisema mahakama imekuja kutafuta wazee wawili na imekuta migomba miwili. Alisema kiwanja si cha msikiti wala cha kanisa, maana kila upande umengoja wenzake wawe ibadani ili kukiiba. Kwa kuwa pande zote zimeonyesha ufundi wa kuzika migomba, sasa zitaipanda: watu wa msikiti na wa kanisa watalima pamoja, na kila mkungu utakaoiva utapelekwa nyumba yenye matanga, bila kuuliza marehemu alikuwa anasali wapi. Wenye kulima wa kwanza watakuwa Ramadhani na Yozefu. "Asiyeridhika," akamalizia, "anayo haki ya kukata rufaa."

Hakuna aliyekata, mwanangu! Kukata rufaa maana yake hukumu isomwe tena mjini, mbele ya mawakili, neno kwa neno, na Sheikh Mabruki, na shuka la maua. Wakasema wameridhika. Hawajawahi kuridhika haraka namna ile.

Kesho yake nikawaona wakilima. Siku za kwanza hawakusemezana. Kisha Yozefu akasema jembe la baba linapapasa udongo kama bwana harusi mwoga, baba akamjibu kwamba afadhali hilo kuliko la mtu aliyeangushwa na msalaba wake mwenyewe, na mimi nikajua ubao wa mweso utatoka guniani. Shuka nililifua, lakini mchumba wangu aliposikia habari alisema, "Mimi kulala na marehemu? Hapana." Nikaolewa kwa shuka alilonipa mke wa Yozefu. Zuri, la buluu. Sijamsahau.

Na mkungu wa kwanza ulikwenda kwa Nalongo. Alipouzika mgomba wa Kato alikuwa peke yake, maana watu waliogopa kuonekana kwenye msiba wa mtu aliyechukuliwa na askari. Safari hii baba aliubeba mkungu kichwani, Yozefu akabeba kuni. Waislamu wakasoma dua, Wakristo wakaimba, na Nalongo akalia kwa sauti, mbele za watu, kama mama anavyostahili kulia.

Sasa nikupe nililokuitia. Mtu akija kwako na mate mdomoni akisema tupiganie ardhi ya Mungu, mwulize kwanza alikuwa wapi saa ya ibada ya jirani yake. Mungu hana shida ya kiwanja, mbingu yote ni yake. Wenye shida ni sisi. Usimtangulizie Mungu kaburi la uongo ili akupishe. Ukitaka kushindana na jirani, shindana naye kwenye mweso, ukimshinda mtacheka wote. Na mambo ya wafu usiyatumie kwa hila hata siku moja, kwa sababu karibu na kwako pana mtu anayelilia wake, na humjui, na kicheko chako kinamkanyaga. Ukikosea, aliye dhaifu akikusimamia mbele ya mwenye nguvu, deni lake hulilipi kwa asante. Nenda ukabebe mkungu.

Haya, simama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe jirani wa kukutania na ulimi wa kumjibu. Akuepushe na kesi, na ukiingia, akupe hakimu aliyezaliwa shambani. Akupe maisha marefu, na siku yako ikifika, uzikwe wewe mwenyewe, kwa jina lako, mwili wako mzima, na wanao wajue ulipolala. Amina, mwanangu. Amina.